Kamera ya Igoma ilipogoma!

Kama wiki yako imekwenda salama, mshukuru Mungu, maana yangu ilikuwa na kasheshe lake. Kaa mkao wa kula nikupe mkanda mzima.

Jumamosi iliyopita nimejilalia zangu, simu ikalia. Kuangalia, mama mdogo. Huyu ana duka la vifaa vya ujenzi hapa hapa Igoma, pembeni ya barabara ya Musoma. Saruji, misumari, rangi, nondo, vyote utapata.

"Mwanangu, njoo na kompyuta yako. Jumatatu huyu mtoto namfikisha polisi." Akakata.

Huyo "mtoto" ni kijana wake wa dukani, katoka Magu, ana miaka 19. Siku kumi na tisa nyuma ziliyeyuka shilingi 640,000, na katika duka lile wanaoshika droo ni watu wawili tu. Mama mdogo hawezi kujishuku mwenyewe, kwa hiyo hesabu ikawa nyepesi: kabaki mmoja.

Kufika dukani nikamkuta na mama mzazi wa kijana. Kaja na gari la asubuhi, kakaa juu ya mfuko wa saruji, kajitanda kanga mpaka mdomoni. "Mwangaluka, mayu," nikamwamkia. Akaitikia kwa taabu. Kijana mwenyewe kasimama mlangoni, hauzi wala hakai.

Sasa utaniuliza, duka kubwa hivyo halina kamera? Zipo nne! Zilifungwa mwaka 2012, na mashine ya kurekodia iko chini ya kaunta, taa inawaka, kazi inapigwa usiku na mchana. Ila skrini yake iliungua umeme ulipocheza, na televisheni mpya ya nyumbani haina tundu la ule waya wa kizamani. Njia iliyobaki ni kompyuta. Na kompyuta kila ikijaribiwa ilionyesha giza. Kamera zimeona, zimenyamaza. Kamera za Igoma zimegoma!

Tena muda ulikuwa unatubana. Mashine hizi diski ikijaa hufuta picha za zamani na kuandika mpya juu yake. Ile ya mama mdogo hubeba siku kama 21 hivi. Hesabu mwenyewe: ikifika hiyo Jumatatu ya polisi, ushahidi nao umejifuta.

Nikachomeka waya wa mtandao, nikaandika ile anuani ya namba kwenye Chrome. Ukurasa ukafunguka, nikaweka jina na neno la siri. Safi. Halafu? Kisanduku cheusi katikati, na maneno yananiambia niweke plagini. Nikaweka. Nyeusi. Nikahamia Firefox. Nyeusi vile vile, kama chungu cha ugali.

"Hiyo kompyuta yako si mbovu hiyo?" mama mdogo akaguna.

"Kompyuta nzima, mama. Tatizo ni dirisha."

Na wewe msomaji nisikuache gizani. Zamani kivinjari cha intaneti kilikuwa hakijui kucheza picha za kamera chenyewe. Watengenezaji wa kamera wakawa wanatoa kijiprogramu cha kusaidia, na wengi wao walikitengeneza kwa mtindo wa ActiveX, unaokubaliwa na Internet Explorer peke yake. Vijiprogramu vya namna hiyo vilikuwa na ruhusa kubwa mno ndani ya kompyuta, na wahuni wakapita humo humo. Vivinjari vikaanza kufunga milango. Chrome ilizifukuza plagini za mtindo wa zamani Septemba 2015, Firefox ikafuata Machi 2017. Internet Explorer yenyewe, iliyozaliwa 1995, ilistaafishwa tarehe 15 Juni 2022. Kwa hiyo kamera haijafa. Aliyekufa ni mkalimani wake.

Lakini marehemu kaacha kivuli. Kwenye kompyuta za Windows kuna kivinjari kinaitwa Edge, na ndani yake kuna hali ya Internet Explorer. Unaingia kwenye mipangilio, penye habari za kivinjari cha msingi, unaruhusu kurasa zifunguliwe kwa hali hiyo, unaizima Edge na kuiwasha upya. Kisha unaandikisha anuani ya mashine yako kwenye orodha ya kurasa zitakazofunguka kwa mtindo huo. Orodha hiyo hudumu siku 30, baada ya hapo unaandikisha tena. Microsoft wameahidi kuitunza hali hii angalau mpaka 2029.

Nikafanya hivyo, nikaruhusu kile kijiprogramu kutoka kwenye mashine yenyewe. Kisanduku kikatetemeka kidogo, halafu pap! Duka zima hilo hapo, mpaka kipara cha mteja aliyekuwa anapima nondo nje.

Hakuna aliyeshangilia. Nikatafuta tarehe. Nikasogeza mpaka jioni, saa moja na dakika arobaini na mbili usiku. Kijana yuko kaunta, anahesabu noti. Anazifunga kwa raba. Anamkabidhi mama mdogo kwa mikono miwili, kama alivyofundishwa kwao. Mama mdogo, simu sikioni, anazitumbukiza kwenye pochi, anatoka. Kijana anazima taa.

"Rudisha," mama mdogo akasema. Nikarudisha.

"Rudisha tena."

Mara ya tatu akakaa chini. "Siku ile nilipitia kikao cha harusi Nyakato," akasema, kama anaongea na kaunta. "Nikapanda bajaji."

Basi. Pesa mpaka leo hazijaonekana, na sidhani kama zitaonekana. Ila swali la nani alikuwa nazo mwisho lilikuwa limekwisha.

Mama mdogo akachukua funguo, akampa kijana. "Haya, kafungue stoo, wateja wanasubiri." Si unawajua wakubwa zetu, kuomba radhi kwa mtoto ni kama kumeza mfupa.

Ndipo yule mama wa Magu alipofunua kanga mdomoni. "Dada yangu, mwanangu umemwita mwizi mbele za watu. Mrudishie mbele za watu."

Nikaangalia chini. Lakini mama mdogo, Mungu ambariki, alinyanyuka akatoka mpaka kijiweni kwa bodaboda, akasema kwa sauti: "Jamani, kijana wangu hakuiba. Pesa nilichukua mwenyewe." Kijana akageukia ukutani. Nadhani kuna vumbi la saruji lilimwingia machoni.

Sasa wewe mwenye kamera dukani, usingoje pesa zipotee ndipo ujaribu kuangalia. Fungua leo, rudisha picha ya juzi, uone kama inacheza na kama saa ya mashine iko sawa. Ukipata unachokitaka, hamishia kwenye flashi kabla hakijafutwa.

Pili, hiyo hali ya Internet Explorer itumie kwa mashine yako tu, usiende nayo kuzurura mtandaoni. Na usipakue plagini kwa mtu usiyemjua.

Tatu, mashine kuukuu usiiweke wazi kwenye intaneti, na lile neno la siri la kiwandani libadilishe. Mwaka 2016 kirusi kinachoitwa Mirai kiliingia kwenye kamera na mashine za kurekodia kwa kutumia maneno ya siri ya namna hiyo hiyo, na tarehe 21 Oktoba kikaisakama kampuni ya Dyn ya Marekani mpaka tovuti kubwa kubwa zikawa hazifunguki. Fikiria, kamera ya duka la mtu inapigana vita asivyovijua!

Ukijaaliwa mshiko, nunua mashine mpya isiyohitaji plagini. Mama mdogo ameshaanza kudunduliza. Kijana ndiye anayeweka akiba hiyo, na kila jioni akimkabidhi hesabu anamwambia kwa adabu, "Mama, weka simu chini kwanza."

Na anaiweka! Tukutane wiki ijayo, Mola akipenda.