KITI CHA MASHINE YA TOPE NI CHA NANI?

Ndugu wanachama na wafanya kazi wote,

Twaandika haya kutoka Bomeni, Taveta. Sisi ni watu wa reli. Kazi yetu iko Voi na nyumba zetu ziko hapa, karibu na njia ya zamani iliyolazwa 1915 na 1916 wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Huenda mmoja wenu akauliza: watu wa kokoto na mataruma wana habari gani na meli ya kuchimba tope? Twajibu kwamba tunayo habari, na sababu zetu ni mbili. Ya kwanza, tangu 1948 hata 1969 reli na bandari zilikuwa nyumba moja, East African Railways and Harbours. Mtu wa treni na mtu wa gati walikuwa na mwajiri mmoja, na shida zao zilikuwa ndugu. Ya pili, Ziwa Jipe liko karibu nasi, na tunaliona likijaa tope na matete. Siku moja mashine italetwa kulichimba. Siku hiyo tutapenda kujua ni nani atakayeketi kwenye kiti.

Jambo hili tulianza kulifikiri kwa sababu ya kijana mmoja wa hapa, mtoto wa jirani yetu. Alikwenda pwani akaandikwa kazi katika meli ya kuchimba mchanga, akakaa zaidi ya mwaka. Aliporudi tulifurahi, tukamkaribisha chai, tukamwuliza, “Haya, umejifunza nini huko?” Akajibu, “Kaka zangu, nimejifunza kufunga kamba na kuosha sitaha.” Tukamwuliza, “Na kile chumba cha juu chenye mitambo, hukuingia?” Akasema, “Niliingia kila siku. Nilipeleka kahawa.”

Tulicheka, lakini kicheko hakikukaa. Mkataba ulipokwisha aliambiwa kwaheri, na karatasi ya kuonyesha kwamba alifanya kazi hakupewa. Sasa akienda kuomba kazi nyingine kama ile, ni kama mtu ambaye hakutoka Bomeni kamwe.

Wengi wetu hatuijui kazi hii. Chini ya bahari, mto au ziwa, mchanga na tope hukusanyika daima, na maji huwa haba. Meli kubwa haipiti, au maji ya mto hukosa njia yakaingia mashambani. Basi huletwa mashine. Ziko za namna nyingi. Nyingine huchota kwa ndoo, nyingine hushusha bomba chini likavuta mchanga kama mtu anyonyavyo maji kwa mrija. Nyingine zina kichwa chenye meno kinachozunguka na kuvunja udongo mgumu, kisha pampu huvuta matope na kuyasukuma katika bomba refu lieleao juu ya maji, mpaka mahali pa kuyamwaga.

Mwenye kuiendesha huketi katika chumba chake, mikono kwenye mitambo, macho kwenye saa za kupimia. Chini kunakofanyika kazi haoni kitu, maana maji ni machafu. Huongozwa na vipimo, na sauti ya pampu, na mtikisiko wa chombo. Akivuta mchanga mwingi mno, bomba huziba na kazi husimama. Akivuta mchache, husukuma maji matupu na mafuta huteketea bure. Akichimba kupita kiasi karibu na gati, gati laweza kuteleza. Akichimba pungufu, meli itakwama. Zaidi ya hayo kuna maji kujaa na kupwa, upepo, nanga za kuhamisha na kebo za winchi ambazo zikikatika hukata mkono au mguu wa mtu. Usiku na mchana mashine haisimami, kwa hiyo zamu za saa 12 ni jambo la kawaida katika kazi hiyo. Kelele hudhuru masikio. Tope lililooza laweza kutoa hewa ya sumu. Na aendaye juu ya bomba lieleao kukaza nati, akiteleza bila jaketi la kuokolea, huenda asionekane tena.

Nasi watu wa gengi tunaijua kazi ya namna hii. Reli ikiwa salama hakuna msafiri anayeuliza ni nani aliyeshindilia kokoto. Ikipinda, ndipo huulizwa nyapara ni nani. Mchimba tope naye ni vivyo hivyo, kwa kuwa meli hupita juu ya kazi yake na hakuna aonaye.

Sasa tukumbuke jambo moja la wazee wetu. Wakati wa ukoloni Mwafrika alikata kuni, alitia makaa, alifuta injini mpaka ikang’aa. Lakini kiti cha dereva kwa miaka mingi kilikuwa cha watu wengine, nao walisema kwamba Mwafrika hawezi kuongoza gari moshi. Wazee hawakukubali. Katika vyama vyao walidai mishahara, tena walidai mafunzo na vyeo. Leo akiketi Mwafrika kwenye injini hakuna anayegeuza shingo kumtazama. Kiti kile kilidaiwa, ndugu, hakikutolewa kwa hisani.

Tutazame na Misri. Mwaka 1956 serikali ya Gamal Abdel Nasser iliutwaa Mfereji wa Suez uwe mali ya taifa. Mwezi wa Septemba mwaka huohuo waongoza meli wengi wa kigeni waliacha kazi, na watu wa ng’ambo wakasema kwamba mfereji utafungwa kwa kuwa Wamisri hawataweza. Wamisri wakaweza, na meli zikaendelea kupita. Tena tarehe 23 Machi 2021 meli iitwayo Ever Given, yenye urefu wa kama mita 400, ilikwama ubavuni mwa mfereji ule na kuziba njia ya dunia kwa siku sita. Kati ya vyombo vilivyomwondolea mchanga ulikuwamo Mashhour, chombo cha kuchimba cha mamlaka ya mfereji wenyewe. Ilipoeleka tarehe 29 Machi, Wamisri walikuwa na haki ya kujisifu, maana chombo kilikuwa chao na ujuzi ulikuwa wao.

Na sisi je? Mwaka 2011 na 2012 mlango wa bandari ya Kilindini ulichimbwa hata kina kikafika mita 15, kwa meli za kampuni ya Kiholanzi, Van Oord. Lamu nayo ilichimbwa, na gati lake la kwanza likafunguliwa Mei 2021. Hatuwalaumu wageni waliofanya kazi waliyopewa. Lakini mchanga hauna adabu, hurudi. Mlango uliochimbwa leo utataka kuchimbwa tena kesho, na kila mara tutalipa fedha za kigeni. Hapa Bomeni tumeulizana nyumba kwa nyumba, na hatumjui hata mmoja aliyewahi kuketi kwenye kiti kile.

Lamu imetufundisha na jambo jingine. Wavuvi wa huko walikwenda mahakamani wakisema kwamba uchimbaji na ujenzi wa bandari umeharibu mahali pao pa kuvulia, na kwamba hawakuulizwa. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliwapa haki, ikaamuru wavuvi kama 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Basi mashine hii yaweza kunyang’anya mtu mmoja chakula ikimpa mwingine. Mfanya kazi aliye kwenye kiti lazima ajue hivyo, na chama lazima kijue.

Sasa turudi kwetu. Ziwa Jipe ni la nchi mbili, Kenya na Tanzania. Mto Lumi huliletea maji kutoka upande wa Kilimanjaro, na vijito hushuka kutoka milima ya Upare. Maji yakitoka huenda kwa mto Ruvu mpaka bwawa la Nyumba ya Mungu, linalotoa umeme na samaki kwa wenzetu wa Tanzania. Ziwa hili halina kina kirefu, ni mita chache tu, kwa hiyo tope kidogo hulidhuru sana. Udongo wa mashamba huja na maji ya mvua, hutua, matete na mafunjo huota juu yake, na mtumbwi hukosa njia. Mvuvi husukuma kwa upondo saa nzima kabla hajafika penye maji ya wazi. Maneno ya kulisafisha ziwa yamesemwa mara nyingi, na wakubwa, na katika mikutano ya hadhara. Sisi hatuna neno na maneno hayo. Twataka tu kuwa tayari siku yatakapogeuka kuwa kazi.

Wako wenzetu wasemao, “Mashine moja huajiri watu wachache tu. Chama kitajisumbua bure.” Ni kweli kwamba kiti ni kimoja kwa kila zamu. Lakini nyuma ya kiti yuko fundi wa injini, mtu wa pampu, mpima kina, mchomeleaji wa mabomba, mtu wa mashua na mpishi. Na vyombo vidogo vya ziwani hufunguliwa vipande vikasafirishwa nchi kavu. Anayejua kukiendesha kimoja ana mkate Jipe, na Kisumu, na Kilindini. Ujuzi wa namna hiyo haumalizwi na mradi mmoja.

Wako na wengine wasemao, “Msichimbe kabisa, mtaliua ziwa.” Hawa tusiwadharau. Kuchimba tope bila kuzuia udongo kule juu ni kama kufua maji katika mtumbwi uliotoboka. Wakulima wa kandokando ya Lumi, nasi tumo, maana wengi wetu tuna vishamba, hatuna budi kulima makinga maji na kuacha miti na majani ukingoni mwa mto. Tena serikali mbili lazima zisikilizane, kwa kuwa tope halijui mpaka. Na mazalio ya samaki yasiguswe bila wavuvi kuulizwa. Hilo latupa sababu nyingine ya kutaka kiti kiwe na mtu wa hapa. Mgeni huona ramani na vipimo. Kijana aliyekulia Jipe anajua perege huzaa wapi, na viboko hulala wapi, na maji hugeuka rangi mwezi gani.

Kwa hiyo, ndugu, twaomba tawi letu lizungumze mambo haya manne na kuyapeleka mbele.

La kwanza, kila mkataba wa kuchimba bandari, mto au ziwa katika nchi yetu uandikwe kwamba kila zamu iwe na mwanafunzi mwenyeji ndani ya chumba cha mitambo. Awe mwanafunzi wa kushika mitambo chini ya macho ya mwalimu. Kupeleka kahawa si mafunzo.

La pili, vyuo vyetu vijitayarishe. Kipo Bandari Maritime Academy pale Mombasa. Fundisho la kuendesha vyombo hivi litiliwe nguvu, na mtihani wake uwe wazi hata kwa kijana aliyejua kazi kwa mikono yake na hana vyeti vikubwa. Sisi wenyewe tulisoma shule ya msingi ya misheni tu, na njia ya reli tunaijua.

La tatu, sheria zilizopo zifuatwe. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 51, yasema kwamba mfanya kazi akiisha kazi hupewa cheti cha utumishi, ila aliyefanya kazi pungufu ya wiki nne mfululizo. Kijana wetu alifanya zaidi ya mwaka. Kama angekuwa na chama angeijua sheria hiyo siku ileile, wala asingeisikia kwetu akiwa amekwisha rudi nyumbani. Sheria za usalama kazini na za fidia kwa walioumia, za 2007 pia, ni za mtu wa majini kama zilivyo za mtu wa nchi kavu.

La nne, wafanya kazi wa vyombo hivi waingizwe katika vyama mara waandikwapo. Mkataba wao ni mfupi, na aliye na mkataba mfupi huogopa kusema. Tukingoja mpaka waje wenyewe, meli itakuwa imekwisha ondoka.

Yule kijana wetu sasa anauza mitumba sokoni Taveta siku za soko. Si kazi mbaya, ni halali. Lakini juzi tulipokuwa tukimsomea barua hii kabla ya kuipeleka, alisimamisha mauzo, akachukua fimbo akachora mchangani kile chumba cha mitambo: mtambo huu ni wa nanga ya kushoto, huu wa kulia, huu wa kushusha bomba, saa hii ni ya pampu. Alikuwa amevihifadhi vyote kwa macho tu, kila alipopeleka kahawa. Tulimwuliza kwa nini hakutuambia. Akasema, “Hamkuniuliza nimeona nini. Mliniuliza nimejifunza nini.”

Basi yuko tayari, na walio kama yeye ni wengi. Waliokosa kuwa tayari ni sisi. Tukutane tawini tuyaseme haya.

Umoja ni nguvu.

Sisi wenu katika kazi,
Wafanya kazi wa reli, Bomeni