Swali la Kaka Mtu
Akina mama, huko Ihithe, Nyeri, mwishoni mwa miaka ya 1940, kijana Nderitu alimwuliza mama yake: kwa nini Wangari haendi skuli kama sisi? Mama huyo mkulima, aliyemhitaji binti yake shambani na nyumbani, angeweza kutaja sababu kumi. Alijibu kuwa hapana sababu. Wangari Maathai akaanza masomo na miaka minane. Mwaka 1971 akapata shahada ya uzamivu, na 2004 Tuzo ya Nobeli ya Amani.

Kenya iliondoa ada ya shule za msingi mwaka 2003, ijapokuwa sare na michango haikosi. Basi kabla ya muhula kufunguliwa, tuulizane majumbani na kwa majirani: yuko binti aliyebakishwa kulea mdogo wake?