Haradali peke yake haitausafisha udongo wa Owino Uhuru

MAHAKAMA ya Juu iliporejesha, Desemba 2024, fidia ya Sh1.3 bilioni kwa wakazi wa mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, wengi walishangilia, na walikuwa na haki. Hata hivyo, fidia humwendea binadamu. Udongo haulipwi fidia. Husafishwa, au huachwa na sumu yake.

Mtaa huo wa watu wapatao 3,000, ulio karibu na Mikindani, ulipakana na kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata madini ya risasi. Kilianza kazi hapo mwaka wa 2007, kikafungwa 2014 baada ya kampeni iliyoongozwa na Bi Phyllis Omido, aliyetunukiwa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka wa 2015.

Mahakama ya Mazingira na Ardhi ilipotoa fidia hiyo kwa mara ya kwanza mwaka wa 2020, iliagiza pia udongo usafishwe katika muda wa miezi minne, la sivyo Sh700 milioni zilipwe ili kazi hiyo ifanywe. Swali ambalo halijajibiwa kinagaubaga ni hili: usafishwe vipi?

Njia ya kwanza ni kuuchimba udongo na kuuzoa. Ni ya haraka, lakini ni ghali, na aliyeuzoa hana budi kutafuta mahali pa kuuzika bila kuhamishia wengine balaa.

Njia ya pili, inayosifiwa sana kwa kuwa rahisi, ni kupanda mimea inayofyonza metali, kisha kuivuna na kuiondoa. Mmea unaotajwa mno ni haradali ya Kihindi, jamaa ya sukuma wiki na kabichi.

Tatizo ni kwamba risasi ni sugu. Hujishikiza kwa chembe za udongo, na hata ile kidogo inayofyonzwa aghalabu hubaki mizizini.

Tupige hesabu. Udongo wa hektari moja, wenye kina cha sentimita 20, una uzito wa takriban tani 2,600. Tuseme kila kilo ina miligramu 1,000 za risasi. Ili kuishusha hadi miligramu 200, kiwango cha tahadhari kilichotolewa na Shirika la Mazingira la Marekani mwaka wa 2024 kwa maeneo ya makazi, ni sharti kilo 2,080 za risasi ziondolewe.

Zao zuri la tani 10 za mimea mikavu, lenye miligramu 1,000 za risasi kwa kilo, litaondoa kilo 10 pekee. Kwa mavuno mawili kila mwaka, kazi hiyo itapita karne nzima.

Ndipo wanasayansi walipoleta kemikali ya EDTA, ambayo huikamata risasi na kuibandua kutoka kwa udongo ili iyeyuke majini na kupanda hadi majanini. Majaribio yaliyochapishwa Marekani mwaka wa 1997 yalionyesha haradali ikikusanya hadi asilimia 1.5 ya risasi katika shina na majani. Kwa kiwango hicho, mavuno 14 yangetosha.

Lakini kila lenye faida lina hasara. Mmea hufyonza sehemu ndogo tu ya risasi iliyoyeyushwa, na EDTA yenyewe haiozi upesi. Masika yakinyesha, inayosalia huteremka ardhini. Madaktari hutumia kemikali hiyo hiyo kuwatibu waliodhurika kwa risasi, lakini mwilini kuna figo za kuitoa. Ardhini hakuna figo. Kuna kisima, na wakazi wengi wa Mombasa hutegemea visima.

Zipo kemikali nyingine kama EDDS, ambazo huoza upesi zaidi. Hata hizo hazifai kumwagwa karibu na nyumba za watu kabla ya maji ya chini kuchunguzwa.

Fauka ya hayo, mavuno yenyewe ni taka yenye sumu. Katika mtaa ambako mbuzi na kuku huzurura na kuni ni adimu, nani atahakikisha majani hayo hayaliwi wala hayachomwi jikoni?

Hii haimaanishi mimea haina kazi. Nyasi zenye mizizi mingi, zikisaidiwa na mbolea ya fosfeti ambayo huifunga risasi, huzuia vumbi lisipeperuke hadi mikononi na vinywani mwa watoto, ambao ubongo wao ndio hudhurika zaidi.

Kwa hivyo, utaratibu wa busara ni kupima udongo kiwanja kwa kiwanja, kuchimba na kuzoa palipochafuka zaidi, kisha kufunika kwingine kwa udongo safi na nyasi. EDTA ibaki maabara.

Serikali isikubali kuuziwa muujiza wa bei nafuu. Miezi minne iliyotolewa mwaka wa 2020 ilipita zamani, na mtoto anayecheza kwenye vumbi hilo hawezi kungoja mavuno 208.