Umma Ulipe Mara Ngapi kwa Dawa Moja?

Katika mijadala yetu ya afya, maradhi adimu huhesabiwa kuwa anasa ya mataifa tajiri. Huulizwa: nchi inayopambana na malaria na kifua kikuu itawezaje kushughulikia maradhi yanayompata mtu mmoja katika makumi ya maelfu? Swali hili lina uzito, wala silibezi. Hata hivyo, historia ya utafiti wa maradhi hayo ina funzo linalozihusu dawa zote: umma unapogharimia utafiti bila kuweka masharti ya bei, hulazimika kulipa tena siku ya kununua dawa, na wasio na uwezo huachwa nje kabisa.

Tuchukue mfano wa maradhi ya lisosomu. Lisosomu ni kijisehemu cha seli ambacho mwanasayansi wa Ubelgiji, Christian de Duve, alikitambulisha mwaka 1955. Kazi yake ni kuvunjavunja mabaki ili seli iyatumie upya au iyaondoe. Kazi hiyo hufanywa na vimeng'enya, na mtu anapozaliwa akiwa na upungufu wa kimeng'enya kimoja tu, mabaki hurundikana ndani ya seli mwaka hadi mwaka. Yapo maradhi zaidi ya 50 ya aina hii. Mojawapo ni ugonjwa wa Gaucher, uliopewa jina la daktari Mfaransa aliyeueleza mwaka 1882. Bandama na ini la mgonjwa huvimba, damu hupungua, na mifupa huuma na kuvunjika kwa urahisi.

Chanzo cha ugonjwa huo kilibainishwa katika miaka ya 1960 na Roscoe Brady na wenzake katika Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, yaani kwa fedha za serikali. Wazo la tiba lilikuwa rahisi kulieleza: mgonjwa apewe kimeng'enya anachokikosa. Utekelezaji wake ulichukua miongo. Katika miaka ya 1970, watafiti walikamua kimeng'enya hicho kutoka katika makondo ya nyuma ya akina mama waliojifungua, wakawatia wagonjwa wachache mishipani. Matokeo hayakuwa thabiti, kwa kuwa sehemu kubwa ya kimeng'enya iliishia katika seli zisizohusika. Ilibidi wajifunze kupunguza sukari zilizo juu ya kimeng'enya ili seli zilizolengwa ziweze kukipokea. Hatimaye, mwaka 1991, majaribio kwa wagonjwa 12 yalionesha kwamba damu iliongezeka na bandama zikanywea. Dawa iliidhinishwa mwaka huohuo.

Kampuni iliyoitengeneza na kuiuza ilikuwa Genzyme. Gharama ya kumtibu mgonjwa mmoja mzima kwa mwaka ilifikia mamia ya maelfu ya dola. Kampuni ilijitetea kwamba wagonjwa ni wachache na kwamba kukusanya makondo mengi kiasi hicho ni kazi ghali. Utetezi huo ulikuwa na ukweli ndani yake. Lakini mwaka 1994 dawa ilianza kutengenezwa kwa seli zinazokuzwa kiwandani, makondo yakawa hayahitajiki, na bei haikushuka kwa kiasi cha maana. Mwaka 2011 Genzyme ilinunuliwa na Sanofi kwa takriban dola bilioni 20. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Hapa aliyechumia juani ni mlipakodi, na kivulini wameketi wengine.

Je, haya hayakuepukika? La hasha. Mwaka 1989 Taasisi hizohizo ziliweka katika mikataba yake ya utafiti na kampuni sharti kwamba bei ya dawa itakayopatikana iwe ya haki. Kampuni zililalamika kwamba sharti hilo linazikimbiza, na mwaka 1995 likafutwa. Ulikuwa uamuzi wa kisiasa, uliofanywa na watu ofisini, na ungeweza kuwa mwingine. Sambamba na hilo, Sheria ya Dawa Yatima ya mwaka 1983 ilikuwa imekwisha kuzipa kampuni miaka saba ya kuuza bila mshindani dawa za maradhi yanayowapata Wamarekani chini ya 200,000. Sheria hiyo imezaa dawa nyingi, na anayeikana faida hiyo hasemi kweli. Kasoro yake ni kwamba ilitoa ulinzi wa soko bila kudai chochote kuhusu bei.

Hapa ndipo Mtanzania anapoguswa. Ugonjwa wa selimundu una wagonjwa takriban 100,000 nchini Marekani, hivyo kisheria huko ni adimu. Kwetu, maelfu ya watoto huzaliwa nao kila mwaka. Desemba 2023, Marekani iliidhinisha Casgevy, tiba ya selimundu inayohariri jeni, kwa bei ya dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Ugonjwa ambao kwetu ni wa kawaida umepangiwa bei kwa kanuni za ugonjwa adimu, kwa sababu uadimu ulihesabiwa kwa kuangalia soko la wenye fedha.

Tufanye nini? Hatuwezi kuiamuru Washington. Tunaweza, hata hivyo, kuamuru kilicho chetu. Watafiti wa Muhimbili wamekuwa wakifuatilia maelfu ya wagonjwa wa selimundu tangu mwaka 2004, na takwimu na sampuli za aina hiyo zina thamani kubwa kwa watengenezaji wa dawa. Kila mkataba unaozitoa nje ya nchi uwe na kifungu kinachotaja upatikanaji na bei ya tiba itakayotokana nazo. Maofisa wanaotekeleza Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 waanze sasa kuzungumza na wenzao wa Afrika Mashariki kuhusu kununua dawa ghali kwa pamoja, kwa kuwa mnunuzi mmoja mwenye wagonjwa wachache hana sauti mezani. Nanyi wanafunzi wa sheria na uchumi, isomeni mikataba ya utafiti kwa makini kama mnavyoisoma ya madini.

Mwaka 2021 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio kuhusu watu wanaoishi na maradhi adimu. Maazimio ni mema, lakini hayashushi bei. Bei hushushwa na masharti, na masharti huwekwa kabla ya kutia saini, wakati mwenye fedha au mwenye sampuli bado anahitajika.