ASUBUHI YAKO INAANZA JIONI



Ombi moja linanifikia kila wiki: Mchungaji, niombee, naamka nimechoka, mwili mzito, hata kuomba siwezi, nadhani ni adui.

Mpendwa, adui yupo na tunamkemea. Lakini kabla hatujakemea, nikuulize: jana ulilala saa ngapi?

Kama uliweka simu chini saa saba usiku na ukaamka saa kumi na moja, hiyo si roho ya uchovu. Umelala saa nne, na mwili wa mtu mzima unahitaji saa saba au zaidi. Deni la usingizi halikemewi. Hulipwa kwa kulala.

Fungua 1 Wafalme 19. Eliya ametoka Karmeli, moto umeshuka. Yezebeli anamtumia vitisho, na nabii yule yule anakimbilia jangwani, anaketi chini ya mti na kuomba afe. Mungu hakumkemea. Alimwacha alale. Malaika akamwamsha, akala mkate, akanywa maji, akalala tena, akala tena. Kwa nguvu za chakula kile akatembea siku arobaini mpaka Horebu, na huko Mungu akasema naye. Usingizi na chakula vilitangulia ujumbe.

Maoni yangu ni haya: sisi Wapentekoste tunawasifu sana wanaoamka mapema, lakini hatuwafundishi watu kulala. Tunapenda Marko 1:35, Yesu akiamka alfajiri kuomba. Amina! Lakini katika Marko 4, Yesu huyo huyo amelala ndani ya mashua na dhoruba inavuma. Je, alikosa imani?

Na katika Matendo 20, Paulo alihubiri hadi usiku wa manane, kijana Eutiko akasinzia akaanguka kutoka orofa ya tatu. Biblia haisemi alikuwa na pepo. Alizidiwa na usingizi. Wachungaji wenzangu, tulikumbuke hilo tunapopanga makesha.

Mwanzo 1 inahesabu siku kwa kuanza na jioni, kisha asubuhi. Basi wiki hii fanya hivi:

JIONI: Acha chai na kahawa mapema. Saa nne usiku, simu ikae mbali na kitanda. Samehe, mkabidhi Bwana kesho yako, lala.

ASUBUHI: Amka saa ile ile kila siku. Kunywa maji. Omba ukiwa umesimama kama unasinzia. Soma Neno kabla ya kufungua simu. Mana iliokotwa asubuhi, na jua lilipokuwa kali ikayeyuka (Kutoka 16). Kisha toka nje upate mwanga, maana mwanga huuambia mwili kwamba kumekucha. Usiondoke bila kula, hata kama ni uji tu.

Najua si wote wanaopata usiku mzima. Mama unayetoka saa tisa usiku kwenda kununua mboga sokoni, mlinzi, muuguzi wa zamu ya usiku: usijihukumu. Lala mchana bila aibu, na watu wa nyumbani wapunguze redio.

Dereva wa matatu, ndugu wa bodaboda, kwako hili ni jambo la uhai. Kusinzia kwa sekunde chache barabarani kunaua, na abiria wako ni mtoto wa mtu. Ukitoka kesha, lala kwanza ndipo ubebe watu.

Na kama unalala vizuri kwa wiki kadhaa na bado umechoka, nenda hospitali upimwe damu na sukari. Tutakuombea ukienda, na tutakuombea ukirudi.

Usiku wa leo, kulala kwako kuwe tendo la imani: Mungu hasinzii, kwa hiyo wewe unaweza kulala.

Ukiipokea, andika AMINA, kisha weka simu chini.

Ubarikiwe.