Salem, Mji Ulioleta Merikani

Nguo ya pamba iitwayo merikani haikupata jina lake bure. Watu wa Unguja na pwani waliiita kwa jina la nchi ya walioileta, na wengi wao walitoka Salem, mji mdogo wa bandari katika jimbo la Massachusetts.

Mji huo ulianza mwaka 1626, Roger Conant na wenziwe wachache walipohama Cape Ann, ambako maisha yaliwashinda. Wenyeji walipaita mahali hapo Naumkeag. Mwaka 1628 alifika John Endecott na wageni wengine, na baadaye mji ukapewa jina la Salem, maana yake amani. Lakini jina ni jambo moja na matendo ni jingine: mwaka 1692 watu 19 walinyongwa humo kwa kusingiziwa uchawi.

Ardhi ilikuwa ya mawe na baridi ilikuwa kali, basi watu wakaigeukia bahari. Walivua samaki, wakawatia chumvi na kuwakausha, kisha wakawauza katika visiwa vya West Indies, ambako samaki duni walilishwa watumwa wa mashamba ya miwa. Kwa hiyo utajiri wa kwanza wa Salem haukukosa jasho la watumwa.

Marekani ilipokwisha kujitawala, Waingereza walizifungia meli zake bandari zao za visiwa hivyo. Wafanya biashara wa Salem hawakukaa wakilia. Walitafuta njia nyingine. Mwaka 1786 meli ya Elias Hasket Derby, iitwayo Grand Turk, ilifika Canton katika nchi ya China. Nyingine zilileta pilipili manga kutoka Sumatra. Katika hesabu ya mwaka 1790, Salem, wenye watu 7,921, ulikuwa miongoni mwa miji mikubwa zaidi katika Marekani.

Mali bila daftari huisha bila habari. Manahodha walilijua hilo, na mwaka 1799 wakaunda chama, East India Marine Society. Mwanachama aliyesafiri alipewa daftari tupu aandike habari za safari yake, na aliporudi alilikabidhi ili wenzake wafaidike.

Mwaka 1833 Edmund Roberts alifanya mkataba wa biashara na Sayyid Said kwa niaba ya Marekani, na mwaka 1837 Richard Waters wa Salem akawa konsuli wa kwanza wa Marekani huko Unguja. Merikani ikateremshwa, pembe za ndovu, sandarusi na karafuu zikapakiwa.

Lakini maji ya bandari ya Salem yalikuwa haba. Meli zilipozidi ukubwa, biashara ikahamia Boston na New York. Mali ikaondoka pamoja na meli. Madaftari ya manahodha yakabaki, nayo yangali yakisomwa.