Somo la Uchumi na Ndizi za Daraja Mbili

Mwanafunzi wa uchumi aingiapo mwaka wa pili chuoni hukutana na somo ambalo wengi hulitaja kwa hofu, yaani mikroekonomia ya kiwango cha kati. Mwaka wa kwanza alichora mistari miwili, wa mahitaji na wa ugavi, akaambiwa kwamba bei ni pale inapokutana. Sasa anadaiwa aeleze mistari yenyewe imetoka wapi, tena aithibitishe kwa kalkulasi. Wako wanaopendekeza hesabu hizo zipunguzwe. Siafikiani nao hata kidogo, kwani bila hesabu somo hili hugeuka porojo.

Kasoro iko kwingine. Hal Varian alipochapisha kitabu chake mashuhuri cha somo hili mwaka 1987, alianza na bei ya vyumba vya kupanga katika mji wenye chuo kikuu, vilivyo karibu na chuo na vilivyo mbali. Ni nani asiyeiona Nyanchwa hapo? Walakini mwanafunzi aliyepanga chumba Nyanchwa huikariri sura hiyo usiku kucha asitambue kwamba yeye na mwenye nyumba wake ndio mfano wenyewe. Mhadhiri naye hakumwambia. Penye miti hapana wajenzi.

Chukua kanuni ya Slutsky ya mwaka 1915, ambayo huwatoa wanafunzi jasho. Yasema kwamba bei ikipanda, mambo mawili hutokea kwa pamoja: mnunuzi hukimbilia kitu kingine kilicho nafuu, na papo hapo mapato yake hupungua nguvu. Mkaazi wa Nairobi anayenunua ndizi za kupika ataelekea kupunguza ndizi mezani. Lakini je, mama wa Nyaribari aliyezipanda mwenyewe, akala nyingine na kuuza zilizosalia katika soko la Daraja Mbili? Kwake bei ikipanda, kila ndizi anayokula ni fedha aliyoikosa, kwa hivyo anashawishika kula kidogo. Hata hivyo, bei iyo hiyo imemwongezea mapato, na mwenye mapato zaidi aweza kula zaidi. Nguvu hizo mbili zinavutana, na hakuna ajuaye itakayoshinda mpaka apige hesabu. Hapo ndipo kalkulasi inapopata kazi ya maana! Mwanafunzi wa Kisii au Nyamira aliyelelewa katika nyumba ya namna hiyo ana faida ambayo mwenzake wa Chicago hana, nasi twamnyima kwa kumfundisha kwa mifano ya vitu ambavyo hajapata kuvinunua.

Chai nayo ina maswali yake. Majani mabichi sharti yafike kiwandani upesi, hayawekwi ghalani kungojea bei nzuri, na wanunuzi wa karibu ni wachache. Vitabu huita hali hiyo ukiritimba wa mnunuzi. Lakini viwanda vilivyo chini ya KTDA, shirika lililobinafsishwa mwaka 2000, vinamilikiwa na wakulima wenyewe kwa hisa. Je, muuzaji anaponyanyaswa na mnunuzi ambaye ni mali yake, nadharia yasemaje? Swali hilo lafaa mtihani wa saa nzima.

Na mtihani ndio bwana mkubwa, kwa maana mwanafunzi husoma kile atakachoulizwa. Maadamu maswali yanataka fomula zilizokaririwa tu, atakariri, atafuzu, kisha atarudi nyumbani asiweze kumfafanulia mamaye kwa nini bonasi ya chai imeshuka ilhali amechuma zaidi. Wengi wao watakuwa walimu wa shule za upili, na ukimya huo watauhamishia kwa watoto wetu.

Naomba idara za uchumi ziwatume wanafunzi Daraja Mbili kwa muhula mzima, kila mmoja na daftari lake, waandike bei na idadi ya mikungu iliyouzwa kila siku ya soko. Watagundua upesi kwamba tarakimu hizo hazichori mstari wa mahitaji, kwa sababu mahitaji nayo hubadilika wakati mvua ikiusukuma ugavi huku na huko. Waachwe wahangaike na fumbo hilo kabla ya kupewa jibu.